Vituo vitangazwe ndani ya mabasi ya Lubumbashi, na vitangazwe kwa Kiswahili

Mheshimiwa Mhariri,

Ninaomba nafasi katika ukurasa wenu wa barua za wasomaji ili nizungumzie jambo ambalo husahauliwa kila mara tunapojadili usafiri wa mji wetu wa Lubumbashi. Tunalalamikia nauli inayopanda kila mafuta yanapoadimika, tunalalamikia mashimo ya barabarani na magari yaliyochakaa, na malalamiko hayo yote ni ya haki. Lakini sijasoma mahali popote mtu akiuliza kwa nini abiria, akishapanda basi na kulipa, haambiwi tena chochote: haambiwi yuko wapi, haambiwi kituo kinachofuata ni kipi, haambiwi kama gari litafika kweli mwisho wa njia au litageuzia katikati. Kwa maoni yangu habari hiyo ni sehemu ya huduma aliyoilipia, sawa na kiti anachokikalia, na anayeikosa amepunjwa.

Najua nitajibiwa kwamba mabasi yetu hayana upungufu wa sauti. Yeyote aliyesimama karibu na Posta saa kumi na moja jioni amewasikia mareseveri, yaani makondakta, wakiita majina ya sehemu za mji wetu: "Kenya, Kenya, Kenya!", "Katuba!", "Ruashi!", nusu ya mwili ndani ya gari na nusu nje, mkono mmoja umeshika ukingo wa mlango na mwingine umebana noti zilizokunjwa katikati ya vidole. Ni kazi ngumu na ninaiheshimu. Hata hivyo, tuangalie sauti hiyo inaelekea wapi. Inaelekea nje, kwa mtu ambaye bado hajalipa. Mlango ukishafungwa na nauli ikishakusanywa, muziki huongezwa, na yule ambaye fedha zake zimekwisha kupokelewa huachwa akisie mwenyewe kwa kuchungulia dirishani. Mara kwa mara reseveri huuliza kama kuna wa kushuka, lakini hataji ni wapi. Anayeijua njia hujibu. Asiyeijua hunyamaza, kwa sababu hana namna ya kujua kama hapo ndipo anapokwenda.

Na kuchungulia kwenyewe si jambo jepesi. Katika mabasi madogo ya Hiace ambayo viti vimepangwa watu wanne kwa kila mstari, abiria wa nyuma huona migongo na vichwa vya wenzake, na kioo cha ubavuni mwake mara nyingi kimebandikwa karatasi nyeusi au kimefunikwa kwa pazia. Kuanzia Novemba hadi Machi, mvua ikishika, madirisha hufungwa yote, pumzi za watu hugeuka ukungu juu ya vioo, mtu hufuta kwa kiganja, na kabla hajatambua alichokiona ukungu umekwisha kurudi. Usiku, umeme ukikatika, mitaa yote hufanana. Katika hali hiyo hata mzaliwa wa Kamalondo hupitiliza kituo chake. Mgeni aliyetoka Kolwezi au Kalemie kumletea chakula mgonjwa aliyelazwa hospitali ya Sendwe, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayetafuta njia ya Kasapa, kilipo chuo kikuu, mama ambaye hakubahatika kusoma na ambaye kibao cha dukani hakimwelekezi kitu, hawa wote husafiri kwa wasiwasi, shingo imekunjwa na swali moja mdomoni ambalo wanaogopa kulirudia mara ya tatu wasije wakakemewa.

Yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, amepoteza uwezo wa kuona kwa ugonjwa wa glakoma. Bado anakwenda sokoni na kanisani mwenyewe, na anasafiri kwa kuhesabu: gari linapovuka reli anausikia mtikisiko, baada ya hapo anahesabu kona na mahali gari linapopunguza mwendo, na harufu ya mkaa na samaki humthibitishia kwamba wamefika sokoni. Siku moja dereva alikwepa msongamano kwa kupitia mtaa mwingine bila kusema neno, na hesabu yake yote ikavunjika. Aliuliza, akaambiwa bado. Akauliza tena, akaambiwa atajulishwa. Alishushwa mbali kupita alikokuwa akienda, kandokando ya barabara ambayo hakuijua, akabaki anawasimamisha wapita njia kwa sauti tu, asijue anazungumza na nani. Hakuna aliyemtendea kwa nia mbaya. Reseveri alikuwa na abiria wengi na alisahau. Ndiyo sababu naamini jambo hili lisiachwe kwenye kumbukumbu na huruma ya mtu mmoja mmoja.

Katika miji mingi ya dunia kazi ya kumjulisha abiria imekabidhiwa mtambo uliofungwa ndani ya gari, na ningependa wasomaji wajue jinsi unavyofanya kazi, kwa sababu wengi wetu tunaudhania kuwa anasa ya nchi tajiri. London ni mfano mzuri. Kati ya mwaka 2006 na 2009 mabasi yake yote, yapatayo 8,000, yalifungwa mfumo unaoitwa iBus. Ndani ya kila basi kuna kompyuta ndogo iliyowekewa orodha ya vituo vya njia nzima pamoja na vipimo vya mahali pa kila kituo. Kipokezi cha GPS, mfumo wa setilaiti wa kutambua mahali, kinasoma basi liko wapi. Kwa kuwa mawimbi ya setilaiti huzuiwa na majengo marefu na madaraja, kompyuta hiyo hupokea pia hesabu ya mzunguko wa magurudumu na kipimo cha kona zinazokatwa, ili iendelee kukadiria mahali mpaka mawimbi yarudi. Sauti ya mwanamke, iliyorekodiwa na mtangazaji Emma Hignett, hutaja namba ya njia na mwisho wa safari, ili aliyepanda basi lisilo lake atambue mapema. Basi likishaondoka kituoni, sauti hiyo hiyo hutaja kituo kinachofuata, na jina lake huandikwa kwa taa kwenye ubao ulio juu mbele ya abiria. Asiyeona anasikia, asiyesikia anasoma, na mgeni anapata vyote viwili.

Wakati wa kutamka ndio ufundi mkubwa kuliko yote. Jina likitajwa mapema mno, abiria husimama na kuyumba katikati ya mwendo. Likitajwa gari limekwisha kufunga breki, mzee aliyekaa nyuma hana muda wa kuchukua mzigo wake na kupita katikati ya magoti ya watu. Ndiyo maana mifumo mizuri hutaja kituo kijacho mara tu gari linapoacha kituo lililosimama, ili safari nzima ya kati iwe muda wa kujiandaa.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba mtambo wa namna hii hauhitaji intaneti. Mawimbi ya GPS hayalipiwi, na orodha ya vituo pamoja na sauti zake hukaa ndani ya kifaa chenyewe. Hadi Mei 2000 serikali ya Marekani ilikuwa ikiupunguza kwa makusudi usahihi wa mawimbi yaliyotolewa kwa raia, hata kosa likaweza kufika mita 100. Tangu ilipoacha kufanya hivyo, kipokezi cha bei ndogo, hata kile kilicho ndani ya simu ya mkononi, hutambua mahali kwa kosa la mita chache panapokuwa wazi. Na mji wetu uko wazi. Umekaa juu ya uwanda, njia zake ni pana, majengo yake mengi ni mafupi, kwa hiyo tatizo lililowalazimu watu wa London kuhesabu mzunguko wa magurudumu sisi hatuna kwa kiwango kile. Simu moja ya kawaida, spika ndogo, na umeme wa betri ya gari ambayo ni ya volti 12, ileile inayochaji simu ya dereva, vinatosha kuitamkia Hiace vituo vyake. Kukatika kwa umeme mtaani hakugusi kitu.

Tena kutangaza vituo kwa mtambo hakukuhitaji kusubiri setilaiti. Nchini Japani, ambako ndiko yalikotengenezwa magari mengi yanayotubeba kila siku, mabasi yalitangaza vituo kwa kanda zilizorekodiwa kwa miaka mingi kabla ya GPS kuwafikia raia: dereva aliondoka kituoni, akabonyeza kitufe, kanda ikataja kituo kinachofuata kisha ikajisimamisha ikisubiri kitufe kingine. Ufundi huo ungeweza kufungwa kwenye basi lolote la hapa kwetu tangu zamani, na ninasikitika kwamba haukufungwa.

Lakini sitaki kuueleza mtambo kama kwamba hauna kasoro. Mtambo hujua tu kile ulichoambiwa. Dereva akisahau kuuambia kwamba sasa anarudi mjini, utataja vituo vya kwenda. Akibadilisha njia bila kuuarifu, utanyamaza au utasema uongo kwa sauti tamu, na uongo huo ni hatari kuliko ukimya, kwa kuwa abiria asiyeona atauamini. Mtu wa kuusimamia lazima awepo. Hapo ndipo ninapofika kwenye hoja yangu kuu: tusianze na mtambo. Tuanze na wajibu wa kutangaza, kwa mdomo wa binadamu, na mtambo uje baadaye kumsaidia.

Sheria za nchi zilizotangulia zinaniunga mkono. Marekani ilipitisha sheria ya haki za watu wenye ulemavu mwaka 1990, na kanuni za usafiri zilizotolewa mwaka 1991 ziliwataka waendeshaji wa njia za kudumu watangaze vituo vikuu, makutano makubwa, mahali pa kubadilishia magari, na vituo vingine kwa umbali unaomtosha asiyeona kujua amefika wapi. Na abiria akiomba kituo chochote kitajwe, ni lazima kitajwe. Kanuni hizo hazikudai kompyuta. Dereva mwenye sauti aliweza kuzitimiza siku ileile.

Mjini Toronto, Kanada, mwanasheria asiyeona, David Lepofsky, alilazimika kulishtaki shirika la usafiri la mji ili vituo vitajwe. Baraza la haki za binadamu la Ontario lilimpa haki mwaka 2005 kuhusu treni za chini ya ardhi, na tena mwaka 2007 kuhusu mabasi na tramu. Shirika lilikuwa limetumia fedha nyingi kwa mawakili kupinga jambo ambalo lingegharimu pumzi ya dereva. Baada ya hukumu ya 2007 madereva walianza kuvitaja vituo vyote kwa midomo yao, na mitambo ya kutangaza ikaenea katika magari. Ninautaja mkasa huo kwa sababu unaonyesha mpangilio wenyewe: wajibu ulitangulia, mashine ikafuata. Uingereza nayo, ingawa London ilikuwa na mfumo wake tangu 2009, ilichelewa kuyafikia mabasi ya miji mingine. Kanuni zake za mwaka 2023 ndizo zinazodai kila basi la huduma ya kawaida litangaze, kwa sauti na kwa maandishi, njia na mwelekeo wake, kila kituo kinachofuata, na mwanzo wa mchepuko wowote, kwa hatua zinazokamilika Oktoba 2026.

Neno hilo la mchepuko ningelipigia mstari mara mbili kama gazeti lingeniruhusu. Laiti dereva wa siku ile angesema tu kwamba anapitia mtaa mwingine, yaya wangu angeanza hesabu upya.

Sisi pia tuna sheria. Katiba ya nchi yetu, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ya mwaka 2006, katika kifungu cha 49, inawapa wazee na watu wenye ulemavu haki ya hatua maalumu za kuwalinda. Mwaka 2015 nchi yetu ilijiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao kifungu chake cha 9 kinataja usafiri na habari kwa pamoja, kwa sababu gari unaloweza kulipanda bila kujua linakokwenda halijakufikia. Na tarehe 3 Mei 2022 ilitiwa saini sheria namba 22/003 ya kulinda na kuendeleza haki za watu wenye ulemavu. Kwa hiyo hatumwombi mtu sadaka. Kinachokosekana ni agizo la ngazi ya mji au jimbo linaloshusha maneno hayo makubwa mpaka kwenye mlango wa Hiace, liseme waziwazi nani atamke nini na wakati gani.

Lugha ya kutangazia isitupe taabu. Kifungu cha kwanza cha katiba hiyohiyo kinakitaja Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba. Katika basi la Lubumbashi watu hugombana kwa Kiswahili, hupatana kwa Kiswahili na huomba kushuka kwa Kiswahili. Kituo kitajwe kwanza kwa lugha hiyo, kwa maneno machache, na Kifaransa kifuate pale penye wageni wengi, kama vile njia ya uwanja wa ndege wa Luano. Naogopa kwamba siku mashine zitakapokuja, zitakuja zikiwa na sauti ya Kifaransa peke yake, kwa sababu ndiyo itakayokuwa tayari kiwandani, na mama anayerudi sokoni Kisanga na beseni lake atakuwa amefungiwa mtambo usiomhusu. Hilo lizuiwe mapema, katika mkataba wa ununuzi, kabla gari halijapakiwa melini.

Kuna kikwazo kingine ambacho ni kikubwa kuliko fedha, nacho ni kwamba vituo vyetu vingi havina majina yaliyokubaliwa. Kimoja huitwa kwa jina la duka lililofungwa zamani, kingine kwa jina la mti uliokatwa, kingine kina majina mawili, moja la wazee na moja la vijana, na vingine si vituo kabisa bali ni mahali ambapo madereva wamezoea kusimama. Hakuna reseveri wala kompyuta inayoweza kutangaza jina ambalo watu hawajakubaliana. Kabla ya sauti kuna orodha.

Kazi hiyo ya orodha inawezekana, kwani Nairobi iliifanya. Matatu, yaani mabasi madogo ya mji ule, hazikuwa na ramani wala orodha rasmi ya vituo, na hali yake haikutofautiana sana na yetu. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakishirikiana na watafiti wa vyuo vya Marekani, walizipanda matatu njia kwa njia wakiwa na simu mikononi, wakaandika kila mahali gari liliposimama na jina ambalo watu wa mahali hapo hulitumia. Ramani iliyotokana na kazi hiyo, inayojulikana kama Digital Matatus, ilitolewa kwa umma mwaka 2014, na takwimu zake ziliwekwa wazi katika muundo wa GTFS, ambao ulianzia Portland, Marekani, mwaka 2005 na ambao programu za ramani duniani kote huusoma. Orodha ikishakuwa katika muundo huo, hiyohiyo inaweza kuchapwa kwenye karatasi na kubandikwa ndani ya gari, inaweza kuingizwa kwenye simu inayotamka, na inaweza kumwonyesha mgeni njia kabla hajatoka nyumbani. Chuo chetu kikuu, UNILU, kina wanafunzi wanaosoma jiografia na wanaosoma kompyuta, na wengi wao hupanda mabasi hayo kila asubuhi. Sioni kazi ya mafunzo iliyo bora kuliko hii.

Nisisahau ubao wa mbele. Kabla hajasikia kituo chochote, abiria anatakiwa kujua gari linaishia wapi, na kujua hivyo kutoka kwenye maandishi yasiyobadilika kila baada ya dakika tano. Leo dereva huitwa wa Ruashi, hujaza gari kwa jina la Ruashi, na akiona msongamano au akiona abiria wamepungua, huwashusha watu njiani na kugeuza, ambapo anayeendelea hulipa nauli ya pili. Kibao cha mbao au cha plastiki kilichoandikwa kwa herufi kubwa mwanzo wa njia, mwisho wake, na kituo kimoja au viwili vikuu vya katikati, kikiwekwa nyuma ya kioo cha mbele na kingine kando ya mlango, hakitamzuia dereva mkaidi asigeuze. Lakini kitampa abiria kitu cha kunyooshea kidole, na polisi wa barabarani kitu cha kukagua. Mabasi ya miji mikubwa yaliishi kwa vitambaa vilivyoviringishwa na kuandikwa majina ya njia kwa miongo mingi kabla ya ubao wa taa kubuniwa, na abiria wao hawakupotea.

Wapo watakaosema kwamba matangazo yataongeza kelele katika magari ambayo tayari yana kelele. Hofu hiyo ina msingi, nami nisingependa kuona spika inayohubiri njia nzima. Majina mawili ya maneno machache kati ya kituo na kituo hayachukui hata sekunde kumi, na kwa sekunde hizo muziki unaweza kupunguzwa. Ninachokiogopa zaidi ni kile ninachokisikia kikisifiwa, yaani skrini za matangazo ya biashara ndani ya magari mapya. Skrini inayouza bia na vocha za simu mbele ya abiria asiyejua amefika wapi inatumia mahali pa habari kwa kazi nyingine. Kama mwenye gari anataka kulipia gharama kwa matangazo ya biashara, na afanye hivyo, ila jina la kituo lipewe nafasi ya kwanza, kwa herufi zinazosomeka kutoka mstari wa nyuma, wala lisifunikwe na picha.

Kuhusu uchovu wa mareseveri, nimezungumza na kadhaa wao, vijana wenye heshima, na hawakunipinga. Walichosema ni kwamba wao hulipwa kwa idadi ya vichwa wanavyoviita barabarani, na hakuna anayewalipa kwa kuwahudumia waliokwisha kupanda. Ni hoja ya kweli, na inawaelekea wenye magari kuliko inavyowaelekea vijana hao. Mwenye gari akijua kwamba kibali chake cha njia kinategemea kutangazwa kwa vituo, atamwambia reseveri wake atangaze, na reseveri atatangaza.

Kwa hiyo naiomba ofisi ya meya pamoja na wizara ya uchukuzi ya jimbo la Haut-Katanga, zikikaa na chama cha madereva, ACCO, na vyama vya watu wenye ulemavu, ziweke masharti haya katika vibali vya njia: kibao cha mwanzo na mwisho wa njia, karatasi ya vituo iliyobandikwa ndani, na kila kituo kutajwa kwa sauti kuelekea ndani ya gari, pamoja na kila mchepuko na sababu yake. Tuanze na njia moja au mbili zenye watu wengi, tusikie abiria wanasema nini, kisha tuendelee. Na mji au jimbo likinunua mabasi makubwa, mtambo wa kutangaza kwa Kiswahili na Kifaransa uandikwe katika mkataba tangu siku ya kwanza, pamoja na mafunzo ya fundi wa hapahapa atakayebadilisha orodha ya vituo barabara zinapobadilika, bila kumsubiri mtaalamu wa kigeni.

Kwa upande wenu, Mheshimiwa Mhariri, naliomba gazeti lifungue nafasi ndogo kila wiki ambapo vituo vya njia moja vitachapishwa kwa mpangilio, na wasomaji wa mitaa inayohusika waalikwe kurekebisha majina na kuongeza yaliyosahauliwa. Mimi nimekwisha kuandika vile vya njia yetu, kutoka Katuba hadi mjini, kama abiria wenzangu wanavyovitaja, na mahali penye majina mawili nimeyaweka yote mawili ili watu waamue. Mkinikubalia, nitaileta karatasi hiyo ofisini kwenu.

Wenu katika ujenzi wa mji,

Msomaji wenu wa Katuba,
Lubumbashi